Rehema Amerudi Darasani

Sepuka, Singida

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeifungia kabatini kama kawaida yako? Mimi mzima, nakula, nalala. Hasa kulala! Tangu mwanafunzi wangu Rehema arudi shule nalala fofofo. Simu yako bado iko kwa fundi, basi acha nikusimulie kwa kalamu yaliyotokea.

Unajua nawafundisha kidato cha tatu lugha ya kushawishi. Niliwapa kila kitu: anza na swali lisilosubiri jibu, rudia neno lenye uzito, na zaidi ya yote mkazie macho unayemwambia. Binti wa Muheza mimi, nikajiona naweza kumtoa nyoka pangoni. Nikawatuma wakajaribu nyumbani kwao.

Rehema akajaribu. Anatoka mbali sana kuja shule, kwa hiyo alitaka baba yake amruhusu kukaa bwenini. Akasimama mbele ya mzee anakula, akamtazama usoni: "Baba, unataka nifeli? Nauliza tena, unataka nifeli?" Yarabi! Huku mtoto hamkazii mzee macho, mama. Mzee akasukuma sahani pembeni. Kesho yake Rehema hakuja shule, wala keshokutwa. Jirani yao akaniletea ujumbe wa mzee: kama hiyo ndiyo elimu, binti yangu imemtosha.

Wiki nzima nikawa natazama dawati tupu. Wewe nawe, kabla simu haijafa, ukaniambia niombe uhamisho nirudi nyumbani kabla sijafukuzwa. Kweli nilitaka. Lakini Jumamosi nikapanda bodaboda nikaenda kwao.

Nikamkuta mzee na familia yake wanapura alizeti. "Shikamoo baba." Akajibu marahaba huku anaendelea kupiga. Mama, mimi msemaji, maneno yote yalinikauka mdomoni! Nikaokota fimbo nikapura nao mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walipopumzika, Rehema akamletea baba yake maji, akapiga magoti, macho chini, akasema kwa sauti ndogo:

"Baba, ng'ombe wetu alipougua ulinipa chupa ya dawa nikusomee maelezo. Nikakusomea, akapona. Naomba nikamalize kusoma. Jumamosi nitakuwa nakuja kupura."

Mzee akanywa maji taratibu, kisha akanigeukia.

"Hayo nayo umemfundisha wewe?"

"Hapana, baba. Hayo ni ya kwenu."

Akacheka! "Jumatatu atakuja na godoro lake. Na wewe mwalimu, uwe unayafundisha na hayo."

Nikarudi na jogoo wa zawadi mapajani, ananipigia kelele, mimi nalia na kucheka, mwenye bodaboda akadhani nimechanganyikiwa. Alhamdulillahi, mama, nimetua mzigo.

Sasa darasani tunaanza na msikilizaji: ni nani, anaheshimiwa vipi, anakumbuka nini. Kipindi cha kwanza aliongoza Rehema mwenyewe, mimi nikakaa nyuma na wanafunzi, nikaandika kama wao.

Nisalimie mjomba wa dukani, mwambie jogoo hajachinjwa, ameshajifanya mwenye nyumba. Shangazi aliyenifumia sweta mpe shukrani nyingi, upepo wa huku si wa mchezo. Na mdogo wangu Mwanaidi avue viatu vyangu, najua amevaa.

Kuhusu uhamisho, mama. Wewe ulitolewa shule darasa la tano ukalee wadogo zako, na hakuna mwalimu aliyekufuata nyumbani. Naomba unikubalie nibaki mpaka Rehema amalize.

Haya nayaandika macho yakiwa chini.

Mwanao,
Zuhura