Kahawa Iliyotaka Kuvunja Posa ya Mueni

Baba Mueni mpenzi,

Salamu kutoka Kariobangi, ambako jua linachoma na binti yetu nusura akose mume kwa sababu ya kahawa. Wakwe walipokuja kuposa, mjomba wa mchumba, Mganda mwenye kofia pana, alituletea pakiti ya kahawa aina ya robusta. “Hii ilianzia misituni kwetu,” akasema. “Ina nguvu!”

Kaka yangu Mutiso akadakia: “Kahawa ni arabika, iliyotoka Ethiopia! Ina harufu. Hiyo yenu ni ya kuwakesha mabawabu.”

Mjomba akasimama, akavaa kofia. Mueni akaninong’oneza, “Mathe, fanya kitu!”

Nikakimbilia jikoni, nikachemsha robusta yake na arabika yetu katika sufuria moja, nikawamiminia kimya kimya. Mjomba akaonja, akafumba macho. “Mnaona robusta?” Mutiso naye akapiga meza: “Si niliwaambia arabika ni arabika!” Wakacheka, wakapeana mikono, na posa ikapita.

Mimi nilikunywa chai, kama sisi sote tuliowahi kuchuma kahawa mashambani.

Kula vizuri, mume wangu, na usilale na baridi. Nimekukumbuka.

Mama Mueni