Toroli Langu Limeitwa Mbuzi

Shoga, acha vyombo usome. Nimeaibika hadi masikio yanawaka moto.

Leo kikundi chetu cha kuchora nje kimetundika michoro kwenye ukuta wa maktaba. Unaijua sheria ya mwalimu: majina hayatajwi mpaka mwisho, ili watu waseme ukweli, na mchoraji afunge mdomo wake.

Nani akatokea? Mama mkwe! Na mtoto mgongoni! Si unajua yeye ndiye hunishikia mtoto kila Jumamosi nikienda kuchora? Alishasema atakuja kuona kama kuna faida yoyote.

Akaipita michoro yote, akasimama kwenye wangu. WANGU, shoga. Lile toroli la fundi seremala.

"Huyu mbuzi mbona ana gurudumu?"

Mbuzi!!

Si ningenyamaza tu? Mdomo ukanitoka. "Lakini mama, tazama kivuli kile. Aliyechora hapa ana kipaji, jamani."

Nilisema kipaji. Mimi mwenyewe. Mbele ya watu.

"Kipaji gani? Huyu aambiwe mapema, asiwapotezee wenzake muda."

Ndipo mwalimu akaanza kutaja majina. Lilipofika langu, mama mkwe akanitazama mimi, akalitazama toroli, akanitazama tena. Nikajua basi, Jumamosi zangu zimekwisha.

Akanivuta pembeni, akamweka mtoto vizuri mgongoni.

"Mwanangu, Jumamosi ijayo niletee mtoto asubuhi na mapema. Naona kazi bado unayo."