Nilieleza Neno, Nikamwacha Tata

Jumapili jioni, Embu. Mvua imekatika na majirani wameanza kuanika nguo tena, lakini sijatoka nje. Nina aibu.

Nimeripoti vifo, mafuriko na chaguzi bila sauti kutetemeka. Leo nilipewa kipaza sauti kanisani Kiritiri, nikashindwa kusema jambo moja.

Ilikuwa Jumapili ya akina mama. Desturi ya kanisa lile ni kwamba kila mama huitwa kwa jina, akasimama, na mtoto wake akasimama kando yake na kumshukuru mbele ya watu. Tata Igoki, dada mkubwa wa mama yangu, hakuzaa. Mama alifariki nikiwa mchanga. Tata akanichukua, akanilea kwa maziwa ya mbuzi na uji wa mawele. Miaka yote, siku hiyo ikifika, yeye hukaa akiwapigia wenzake makofi. Mimi huwa kazini. Mwaka huu yeye mwenyewe alimwendea mwenyekiti wa akina mama, akamwambia, "Na mimi mniite. Kijana wangu anakuja."

Alikaa mwisho wa benchi ili asimame haraka. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kipya, bado kina mikunjo ya dukani.

Alipoitwa alisimama. Nikasimama kando yake, nikapokea kipaza sauti. Basi nikafanya ninachofanya siku zote neno la moyoni likikataa kutoka: nikatoa maelezo.

Nikasema huku kwetu tata ni shangazi, awe dada wa baba au wa mama. Kwa Kilingala na kwa Kipolandi, lugha zisizo na undugu wowote, tata ni baba. Nikaeleza kwamba watoto wachanga kila mahali hutoa sauti kama hiyo kabla hawajajua neno lolote, na mtu mzima aliyeinama juu yao hudhani ameitwa, akaitika. Ndiyo maana sauti moja humwangukia baba kule, shangazi huku. Tata ya Kiswahili haimo katika ukoo huo. Yenyewe ni fundo, uzi uliosokotana.

"Huyu ametupeleka Poland bila tikiti!" mama mmoja wa kwaya akapaza sauti.

Kanisa likacheka. Nami, kwa kuwa walicheka, nikaongeza kwamba basi mwenye shangazi ana fundo la kufungua. Wakacheka zaidi. Nikarudisha kipaza sauti.

Nilisema mtoto humwita aliyeinama juu yake. Sikusema aliyeinama juu yangu ni nani.

Tata alibaki amesimama kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi nyingine. Kisha mama mwingine akaitwa.

Nyumbani kwake alinimiminia uji.

"Njeru, umeongea vizuri. Watu wamecheka."

"Asante, Tata."

"Sasa mimi umenisema wapi?"

Nikamwambia kila mtu alikuwa anamwangalia yeye.

"Walikuwa wanaangalia wewe." Akafunika sufuria. "Mwaka ujao nitakaa tu. Kukaa nimezoea."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kazini, habari kama ile ningemrudishia mwandishi wake. Asili ya neno imo, lugha zimo, mzaha umo. Mhusika hayumo.

Njiani nikirudi nilijiambia kwamba ulikuwa woga. Si woga tu. Nilitaka kuonekana nimesoma mbele ya watu walioniona nikichunga mbuzi bila viatu. Mama aliyesubiri miaka yote kuitwa alisimama hapo, nikamtumia kama mfano.

Nimempigia simu mwenyekiti. Alinisikiliza, halafu akasema, "Siku ya akina mama imeisha, bwana mwandishi. Lakini wageni huwa wanasalimia kanisa wakati wa matangazo."

Basi Jumapili ijayo nitasimama na wageni. Nitasema: mimi ni Njeru, nimelelewa na Igoki, ndiye mama yangu. Nimejaribu kuisema kwa sauti hapa mezani. Ni sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusoma hewani, na mara mbili imenikwama.

Kisha nitageuka kwenye lile benchi na kumwomba asimame.

Sijui kama atasimama mara ya pili.