Ngozi ya Laptop

Masasi, Mtwara

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo na wewe, najua umesimama hapo mlangoni na ungo mkononi ukijifanya barua haikuhusu. Veronika mdogo wangu, hujambo? Wewe ndiye msomaji, kwa hiyo msomee baba polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke. Ninakujua. Na kaka Boay aliyeleta kifurushi kutoka Babati, asiondoke kwanza. Akae asikilize.

Mimi huku ni mzima kabisa. Joto tu ndilo linanionea, maana hata maji ya mtungini yanakuwa vuguvugu. Watu wa hapa ni wema na wamenizoea, ingawa bado wananicheka nikiongea, wanasema Kiswahili changu kinatokea kooni. Nawaambia waje kwetu Maretadu mwezi wa saba, tuone na chao kitatokea wapi wakiwa wanatetemeka. Kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi kinakwenda vizuri. Walimu wanaleta mitihani, vijana wanaleta barua za kuomba kazi, na siku hizi kuna mama mmoja wa kikundi cha ushonaji anakuja kuchapisha mialiko ya harusi, anakaa tu kunipigia soga hata kazi ikiisha.

Habari za huko? Maharage mmeyawahi kabla ya mvua? Mguu wako baba unaendeleaje, na unautunza au bado unapanda mlima kwenda kuangalia mipaka ya shamba? Yule ng'ombe mwenye paji jeupe ameshazaa? Mama, ile kofia ya sufu niliyokutumia ni ya kuvaa, si ya kuweka sandukuni.

Sasa baba, kaa vizuri. Kifurushi usikifungue kwanza. Veronika, mnyang'anye. Nina habari ya mnyama wako niliye naye huku, na wewe mwenyewe ulishasema habari ya mnyama haipigiwi simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Laptop ilikufa.

Ngoja, usisimame! Imefufuka, ipo hapa mezani na inafanya kazi. Lakini ilikufa kweli, na ni haki yako kusikia ilivyokufa.

Unakumbuka ulivyonipa. Ulimpeleka yule dume jekundu mnadani, ukarudi na laptop iliyokwisha kutumika, ukaniita mbele ya mama na baba mkubwa. Ukasema, "Sikupi. Ninakukabidhi, kama ninavyomkabidhi mtu ng'ombe. Maziwa kunywa wewe, mnyama ni wangu." Baba mkubwa akacheka, akauliza tangu lini msichana akakabidhiwa mnyama. Ukamwambia anyamaze anywe togwa yake. Baba, siku ile nilijisikia mtu mzima kuliko siku niliyomaliza shule.

Halafu ukafanya lile jambo lako. Ukaingia jikoni, ukaupasha moto ule waya wa kupigia ndama alama, ukaigeuza laptop tumbo juu, ukaichoma alama ya kwetu, mistari miwili na kijiti katikati. Tssss! Mama alipiga yowe kama nyumba inaungua. Nyumba ilinuka plastiki mpaka kuku wakatoka nje. Wewe ukaipuliza, ukasema, "Sasa hata ikipotelea Dar es Salaam itajulikana ni ya kwa nani."

Haya. Tangu mwaka huu uanze, kila nikiiwasha ilikuwa inanitolea tangazo kwamba kuna window mpya, yaani ule mfumo unaoiendesha kompyuta, niukubali ujiweke. Nilikuwa nalifunga tangazo naendelea na kazi. Kisha mwalimu mmoja akaja na laptop yake yenye hiyo window mpya, inang'aa, madirisha yanafunguka kwa madaha. Wivu ukanishika, sifichi. Nikabonyeza kukubali.

Ilifanya kazi siku nzima, feni inalia, tumbo lake la moto hata mkono huweki. Ikakaribia mwisho, ikasimama. Ikajizima, ikajiwasha, ikasema imeshindwa na sasa inairudisha ile ya zamani. Basi hata hiyo ya zamani ikashindwa kuirudisha! Kikabaki kioo cheusi na kamstari kadogo kanakonyeza.

Nilijaribu yote ninayoyajua. Nikachomoa umeme, nikatoa betri, nikakiminya kile kitufe cha kuwashia muda mrefu mpaka kidole kikauma, nikarudisha betri. Kioo cheusi. Nikaona kumbe flashi ya mteja imesahaulika ubavuni, nikasema ahaa, mchawi huyu hapa, inatafuta window kwenye flashi! Nikaichomoa. Kweli ikasogea hatua: ikaandika kwamba inajitengeneza yenyewe. Ikajitengeneza, ikazima, ikawaka, ikaanza tena kujitengeneza. Nikainamisha sikio nikasikia ndani kt, kt, kt, kama panya anayetafuna punje ya mahindi. Hapo nikakaa chini nikalia.

Fundi wa kwanza, wa pale sokoni, hakuifungua hata. Aliigonga kwa ukucha akasema, "Hii imekwisha dada, niachie mimi spea." Nikamwambia mnyama si wangu, akaniangalia kama nimerukwa na akili.

Nikampigia Boay. Kaka, usiangalie pembeni, wote wanakusikiliza. Akaniambia, "Mwambie mzee imeibwa stendi, yaishe." Yaishe! Baba, nilimkatia simu. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Nilimkumbuka Gidamis.

Nilikuwa mdogo siku Gidamis alipopanda kutoka Dirma na ngozi mabegani. Ulikuwa umemkabidhi mtamba, akamfia. Alikuja kwa miguu, akaifungua ngozi ya mtamba huyo uani kwetu, hakujitetea neno. Wewe ukaigeuza, ukatafuta shingoni kama kuna alama ya kisu, ukatafuta mbavuni kama kuna pigo la fimbo. Hukuona kitu. Ukamwambia mama alete maziwa, na Gidamis alipoteremka kurudi kwao alikuwa anaswaga mtamba mwingine. Halafu kuna yule wa Balangdalalu, aliyekuja mikono mitupu na hadithi ya fisi. Mpaka leo unamsalimia vizuri na kiti unampa. Ila ng'ombe wako hajateremka tena kwake.

Nikasema mimi sitakuja kwako na hadithi ya fisi. Nikatafuta fundi mwingine, nikaelekezwa kwa fundi Shabani, mzee mmoja mpole anayetengeneza redio na simu. Yeye akasema tusiilaumu window kabla hatujaliona diski, maana diski ndilo linalobeba vitu vyote vya kompyuta, na likiugua hakuna window itakayokaa. Akaigeuza ili afungue mfuniko wa chini. Akalegeza skrubu zote, mfuniko ukagoma kutoka. Akaupapasa, akavaa miwani.

"Dada, hapa pamefanywa nini? Nani kaichoma?"

"Baba yangu," nikasema. "Ni alama ya ng'ombe wetu."

Hakucheka, namshukuru. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Alama yako baba umeipiga juu ya matundu ya hewa. Plastiki iliyeyuka, matundu yakaziba, na mfuniko ukashikana na kile kitanda cha diski. Kwa maneno ya fundi, miaka yote hii diski limefanya kazi lina homa, na hiyo window mpya ilikuwa tu mzigo wa siku moja uliomwangusha mgonjwa. Hata nisingeiweka, lisingefika mbali.

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Kisha nikakumbuka ni mimi wa kukueleza.

Basi fundi akaubandua mfuniko kwa kisu, taratibu, akalitoa diski, akaliunga kwa waya kwenye kompyuta yake. Vitu vikaanza kutoka kidogo kidogo. Likipata moto linanyamaza, analiweka mbele ya feni lipoe, anaanza tena. Karibu kazi zote za wateja zimepona. Picha zenu za Pasaka zimepona, hata ile mama anacheka na kukataa kupigwa. Akaniwekea diski jipya, lisilozunguka wala kuchemka sana, na mfuniko mwingine alioutoa kwenye mashine mbovu. Ile window mpya akaniambia niachane nayo, laptop hii ni mzee, ikae na ile ya zamani iliyoizoea. Sasa ikiwaka, sijamaliza hata kufunga kitenge nakuta inanisubiri.

Diski la zamani na mfuniko wake akavitupa kwenye ndoo ya takataka. Nikaviokota. Akaniuliza navipeleka wapi. Nikamweleza habari za ngozi, za Gidamis na za yule wa fisi. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kama mwenye ng'ombe ndiye aliyemuua?" Kwa kweli sijawahi kusikia kesi ya namna hiyo kwetu.

Nilipompigia tena, Boay akasema, "Peleka diski peke yake. Mfuniko uuache, utamvunja mzee moyo bure." Hapo nilimwelewa, maana hata mimi sikutaka uumie. Nilifunga diski peke yake, nikalishona vizuri kwenye gunia. Nikalala nalo moyoni. Asubuhi nikalifumua. Gidamis hakukata kipande cha ngozi akakiacha Dirma.

Veronika, sasa mpe kifurushi afungue.

Hicho kinachong'aa kama kioo ndicho diski, nilimwomba fundi alifungue ili uone kwa macho yako. Kigeuze. Utaona mduara uliochubuka, hapo ndipo ugonjwa ulipokula. Hicho cheusi ni mfuniko. Alama unaijua. Pitisha kidole utasikia matundu yalivyoziba.

Na usijikasirikie, tafadhali. Kuna jambo sikuwahi kukuambia. Siku nakuja huku, pale stendi abiria mmoja aliinyanyua laptop, akang'ang'ania ni yake, watu wakaanza kumwamini yeye kwa sababu alikuwa amevaa suti. Nikaigeuza tumbo, nikawaambia mwulizeni hii alama ni ya nini. Akaiachia. Wewe ulitaka isipotee, na haikupotea. Hukumu basi utoe mwenyewe, mimi ngozi nimeileta nzima.

Msalimieni baba mkubwa, mwambieni msichana ameleta ngozi. Msalimieni shangazi aliyeolewa Dongobesh na watoto wake wote, na jirani anayetuchungia ng'ombe, na mwalimu wa kwaya, mwambieni sauti ya pili bado ninayo. Mama, kofia! Boay, asante kwa kubeba mzigo usioujua wote, na usininunie.

Baba, chini kabisa ya gunia kuna kipande cha ngozi ya ng'ombe nilichokata kwa fundi viatu, kina tundu la kupitisha kamba. Mfuniko mpya ni mtupu, na kila nikiigeuza laptop naiona kama mnyama wa watu wengine. Upashe waya moto, nipigie alama kwenye kipande hicho, umpe Boay anirudishie. Nitakifunga kwenye mkoba wa laptop, mbali na matundu.

Mchungaji wako,
Paskalina