Bangili Iliyogoma Kutoka

Buffalo, 8 Novemba 2015

Kaka yangu mpendwa Aloisi,

Leo ni Jumapili, tumetoka kanisani, na kabla sijashika kalamu nimeahidi mbele za Mungu kwamba nitakueleza yote. Ukiona nimefutafuta maneno, ujue mkono unaogopa, lakini haudanganyi.

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Louisville, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Sisi tu wazima. Mama bado anafanya kazi kwenye ghala kule Cheektowaga, na baridi ikizidi mgongo unamsumbua. Hajui kwamba nakuandikia. Simu yetu iko sebuleni na yeye husikia kila neno, ndiyo maana nimechagua karatasi.

Najua alikusimulia habari za yule mzee mwenye kilemba na bangili yangu. Najua pia uliapa kwamba Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi huu, utampitia mjomba Kamanzi huko Columbus, mje pamoja mumfundishe mzee huyo adabu. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujawasha gari.

Mzee anaitwa Gurbachan Singh. Ni babu yake Jasleen, msichana ninayekaa naye darasani. Wao ni Wasikh, wale ambao kule Tanzania watu waliwaita Makalasinga. Tangu Agosti, kila Jumamosi asubuhi, nilimwambia mama naenda maktaba, kumbe naenda kwenye ukumbi wa nyumba yao ya ibada kujifunza kupigana kwa fimbo. Mchezo huo wanauita gatka. Fimbo na panga hulazwa juu ya kitambaa cheupe, na kila mtu huinama kwanza. Siku ya kwanza nilisimama wima, nikaogopa kuinamia vyuma. Mzee akacheka, akasema niiname kwa Mungu wangu mwenyewe, fimbo haina wivu.

Anatufanyisha mazoezi mpaka jasho linadondoka sakafuni, kisha anatukataza kujisifu. Anasema mazoezi ni kufagia njia: mgeni akija, amekuja kwa neema yake, si kwa uhodari wa fagio, ila asiyefagia asimlaumu mgeni kwa kuchelewa. Nilimkumbuka mama, ambaye husema neema ya Mungu inatosha, na bado huamka saa kumi alfajiri kwenda kazini. Tena mzee hufundisha kwamba mkono hauinuliwi mpaka njia nyingine zote ziwe zimekwisha. Hilo hulirudia kila Jumamosi mpaka wadogo humwigiza nyuma ya mgongo wake.

Bangili ile alinipa Jasleen. Wao huivaa mkononi ili mkono ukumbuke kutenda haki. Mimi niliivua kila mara kabla ya kufika nyumbani, lakini Jumamosi moja ya Oktoba kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba kwa mazoezi, nikashindwa. Mama akaiona nikiosha vyombo. Akamwita Mama Agata wa kikundi cha maombi. Wakajaribu sabuni, wakajaribu mafuta ya kupikia, ikagoma. Mama Agata akasema, “Unaona, dada? Chuma cha kawaida hakina kiburi hivi. Hiyo ni hirizi.” Wakaniuliza ni nani aliyenivisha. Jibu nililowapa nitalifikia.

Jumamosi iliyofuata, pikapu ya kijivu ilianza kupita mbele ya ukumbi. Ilipita polepole, ikarudi, ikapita tena. Safari ya pili wanaume waliokuwamo walisimama wakawapigia kelele Wasikh kwamba warudi kwao. Mzee akatoka na vikombe viwili vya chai, akawapelekea. Wakammwagia kimoja viatuni. Aliporudi alisema afadhali, vidole vilikuwa vimeanza kuganda. Alicheka peke yake. Mama yake Jasleen aliwaita polisi, nao wakasema wameandika. Tangu hapo Jasleen hakai tena karibu na dirisha.

Jana lilikuja jiwe. Kioo kilivunjika, kikampasua mzee juu ya jicho, damu ikaingia ndevuni, zile nyeupe. Nilikamata fimbo nikakimbilia mlangoni. Mzee akasimama mbele yangu, viganja wazi, akaniuliza kama nimekwisha kuzijaribu njia nyingine zote. Kwa mara ya kwanza nilijua jibu ni hapana, nikaona aibu. Na nilipotazama nje nilimwona, kwenye kiti cha nyuma cha pikapu ile ile, ameinamisha kichwa: Leopoldi, kijana wa Mama Agata.

Leo baada ya ibada nilimfuata. Alisema wale watu humpa lifti kwenda kiwandani kwa kuwa hana gari. Akasema, “Zita, mwaka mzima nakaa nao gari moja, hawajanisemesha. Siku nilipowaambia habari zako, walinisikiliza.” Habari hizo alizipata kwa mama yake.

Kaka, hakuna aliyenishika. Bangili nilijivisha mwenyewe. Niliogopa mama asije akajua uongo wangu wa maktaba, nikasema mzee alinikamata mkono mbele ya ukumbi wao, nikitoka maktaba, akanivisha kwa nguvu. Sentensi moja tu. Ikatoka jikoni kwetu ikaenda kwenye maombi, kutoka maombi ikapanda pikapu, na kwa simu imefika Louisville na Columbus. Mzee hajui. Jana, na kitambaa kikiwa kimefungwa usoni, alinisindikiza kituo cha basi, akanikumbusha kununua glavu.

Kesho nitaitia barua hii posta kabla ya shule ili nisiweze kurudi nyuma. Jioni nitamwambia mama, na Jumamosi nitamwambia mzee, hata wakinifukuza wote wawili. Huko ndiko kufagia kwangu. Yatakayofuata si yangu.

Mama anakusalimu, na mimi nawasalimu wote wa nyumba yako. Ujifunike vizuri kifua.

Jumamosi ya tarehe 28, ninyi mkiwa mmefika, mlango wa ukumbi utakuwa wazi, na mzee bado huchemsha chai kwa yeyote atakayeshuka kwenye gari lolote. Nijibu upesi, kaka: nimwambie aandae vikombe vingapi?

Mdogo wako,
Zita