Diski ya Mkwe na Wimbo wa Magh

Jumapili, 5 Magh 2065 (kalenda yetu ya Nepal)

Umeme umekuja saa nane mchana, kama ratiba ya mgao ilivyosema. Saa nane na dakika tano kompyuta ya mkwe imeganda. Dakika tano! Hata mkwe mwenyewe huwa anachelewa kidogo kusinzia.

Niandike vizuri, maana kesho nitasahau nilimkasirikia nani. Prabin, mume wa binti yangu, ana studio ya filamu za harusi chini ya nyumba yangu hapa Patan. Mwezi wa Magh watu wanaoana kama wamefukuzwa, basi kila siku anamimina filamu kwenye diski. Kamera tatu. Bibi harusi analia, bibi harusi anakula, bibi harusi analia tena. Mimi nataka kitu kimoja tu kwenye mashine hiyohiyo: kumrekodi Chirikaji, mwimbaji wetu mkongwe, akiimba wimbo wa baridi wa kikundi chetu cha bhajan, nyimbo za ibada. Dakika kumi na moja. Maneno yapo kitabuni — nimeyapanga mimi mwenyewe kwa herufi za risasi, enzi zangu za kiwanda cha chapa. Lakini lahani haipo popote ila kwenye koo la Chirikaji, na koo hilo limechakaa. Mapafu, anasema daktari. Ukaidi, nasema mimi.

Tena wimbo huo una msimu. Ikifika sikukuu ya Shri Panchami, tarehe 18, kikundi kinaingia nyimbo za machipuko, na ule wa baridi unafungwa mpaka mwaka ujao. Chirikaji haimbi nje ya msimu hata umshikie kisu. Na huo mwaka ujao, muulize daktari.

Leo aliimba. Nikasikiliza kilichorekodiwa. Sauti inakwenda, inakatika, inarukia mbele, kama mlevi anayepanda ngazi.

Jumatatu, 6 Magh

Prabin ananiambia, "Baba mkwe, mashine haijaharibika. Ina kazi nyingi."

Nikamwambia hata punda ana kazi nyingi, lakini ukimwita anageuza sikio.

Nikamwomba asimamishe filamu dakika kumi na moja tu. Hawezi. Mkanda wa kamera ukikatwa katikati unaanzwa upya, na umeme ni saa nne tu kwa siku. Akanipa simu yake nirekodie. Simu ikarekodi pikipiki zote za Mangal Bazar, na Chirikaji mmoja kwa mbali. Redio kaseti ya marehemu mke wangu ilishakula mkanda tangu sikukuu ya Dashain. Kwa hiyo ni mashine hii au basi.

Jumatano, 8 Magh

Chirikaji hakuja, kifua. Mashine imeganda mara saba. Kishale kinasimama katikati ya skrini kama karani wa serikali — yupo, anakuona, hafanyi kitu.

Ijumaa, 10 Magh

Amekuja Sabina, mtoto wa mdogo wangu. Anafundisha kompyuta chuoni, na ndiye peke yake katika ukoo aliyesoma kitu chenye faida. Mimi niliishia darasa la nne, lakini msomi namjua: anakuna kichwa kabla ya kusema.

"Baba mkubwa, diski ina daftari," alisema. "Kabla ya kuweka kitu mahali pake, inaandika kwanza daftarini kwamba inakwenda kukiweka. Umeme ukikatika, ukirudi inasoma daftari, inajua iliishia wapi."

"Kama karani wa ghala."

"Kama karani wa ghala. Sasa mtu mdogo akija na kakitu kake, anataka ahakikishiwe kwamba kameandikwa, karani anamwambia ngoja, kuna waliotangulia. Na waliotangulia ni harusi nzima. Wewe na kishale chako mnangoja."

Nikaelewa mara moja. Ni karamu ya guthi yetu, chama cha ukoo. Hatii mtu tonge mdomoni mpaka mkubwa kuliko wote aanze, hanyanyuki mtu mpaka yeye anyanyuke. Nimewahi kukaa saa nzima nikitazama nyama ya nyati ikipoa kwa sababu mzee alikuwa anatafuta meno yake. Kumbe wahandisi wa dunia wamekaa, wamefikiri, wamezaa karamu yetu. Tena bila pombe.

Sabina akaendelea kupekua, mara akaanza kucheka.

"Shemeji Prabin, nani alikupangia hii? Kwa kawaida daftarini inaandikwa taarifa fupi tu. Hapa filamu yote inaingia daftarini kwanza, halafu inaandikwa tena mahali pake. Kila kitu mara mbili."

"Niliomba mimi," alisema Prabin, bila kuinua macho. "Mwaka jana umeme ulikatika nikapoteza harusi ya watu wa Thimi. Mama wa bibi harusi alikaa kwenye kiti hicho akalia siku tatu. Hukuwepo wewe. Daftari halifungwi."

Ndiyo mkwe niliyempa binti yangu. Mama wa watu kalia, yeye kaamua kompyuta nzima ilie naye.

Jumapili, 12 Magh

Nimewaeleza wazee wa kikundi. Mmoja kasema tumwombe Saraswati, mungu wa kike wa muziki. Mwingine kasema tununue kompyuta mpya. Wa tatu kasema wimbo ukipotea basi wakati wake umefika. Huyo wa tatu ameimba nasi miaka thelathini na hajawahi kupatia lahani hata siku moja, kwa hiyo kwake hakuna kitakachopotea.

Chirikaji kaimba leo tena. Ubeti wa kwanza ulitoka safi, wa pili una mashimo, wa tatu haupo kabisa. Akasikiliza, akasema, "Nuchhe, huyu ni mimi?"

Nikamwambia ndiyo kaka, ukiwa umekufa nusu.

Hakucheka. Zamani angenitukana.

Alhamisi, 16 Magh

Imebaki kesho tu, kabla jua halijazama. Chirikaji siku hizi anapata dakika kumi na moja za pumzi kwa siku, na hizo ukimsindikiza kwenye ngazi.

Nimeongea na Sabina pembeni. Anaweza kulifunga daftari, na hata filamu ikimiminika wimbo hautakatika. "Lakini nisikilize, Baba mkubwa. Umeme ukikatika, mashine haitajua iliishia wapi. Itabidi ipekue diski nzima, na itakachokikuta nusu-nusu itataka kukitupa."

"Ratiba inasema umeme upo mpaka saa kumi na mbili."

"Ratiba," alisema Sabina, vile tunavyotaja jina la mjomba wake yule mlevi.

Sabina alilifunga wakati Prabin amepanda kula. Mimi nilisimama mlangoni kulinda. Miaka sabini na moja, kama mwizi wa kuku.

Ijumaa, 17 Magh

Naandika hapa hapa studio, juu ya goti, sijui kitakachosomeka.

Saa nane Prabin alianza mkanda wa harusi ya leo. Maharusi wanapanda ndege kesho, wanataka kuondoka na filamu yao. Nikamngojea Chirikaji hadi saa tisa na nusu. Tulimshusha ngazi mimi na Sabina. Nikamwambia, kaka, chochote kitokee, usikohoe mpaka nikuambie. Akaitikia kwa kichwa.

Akaimba. Kishale kilikuwa kinateleza kama samaki. Prabin akakitazama, akatikisa kipanya, akakunja uso, lakini akaondoa mkono, maana Chirikaji alikuwa ameshafika ubeti wa pili na hata huyo mkwe mpumbavu alikuwa anasikiliza. Ubeti wa tatu sijawahi kuusikia akiuimba vile. Sitaandika zaidi ya hapo.

Akamaliza. Nikaona Sabina anabonyeza kuhifadhi. Umeme ukakatika. Saa tisa na dakika arobaini na tano!

Umerudi saa kumi na robo, kama aliyekwenda dukani. Mashine imewaka, lakini haijafunguka. Imejaa maandishi meupe, inapekua diski.

Prabin kasogea karibu, kasoma. "Mbona inapekua yote? Daftari liko wapi?"

Sabina kanitazama. Nikasema, nimelifunga mimi. Prabin kanigeukia taratibu. "Wewe, Baba mkwe? Wewe uliyeniita usiku wa manane nije nikuzimie redio?"

Sasa mashine imesimama. Inauliza. Sabina anatusomea: imekuta faili moja ambalo halikuandikwa likaisha, je, ilitupe, au iliache lihatarishe na mengine? Bila kujibiwa haiendelei. Prabin anauliza ni faili lipi. Sabina anasema haitoi jina, inatoa namba tu: linaweza kuwa harusi, linaweza kuwa wimbo.

Prabin ana kidole juu ya kitufe na hakibonyezi. Na mimi simwambii abonyeze. Jua limeshafika kwenye paa la hekalu.

Chirikaji yupo kitini, mikono magotini, uso umemwiva. Amenivuta mkono wa koti. Ananiuliza kwa ishara, kidole kifuani, kama sasa anaruhusiwa kukohoa.