Mashine Niliyoificha Karagita

Karagita, Naivasha
Machi 2008

Mama Mghoi mpenzi,

Habari za huko Wundanyi? Kifua cha mama kimepoa, au baridi ya asubuhi bado inamsumbua? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kazi ya kutengeneza pampu kwenye shamba la maua bado ninayo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama nimeoa huku, maana tangu Oktoba ninachotuma kimepungua na sisemi kwa nini. Hukukosea kushuku. Kuna kitu nilikuficha, lakini si mwanamke. Ni mashine.

Nimeiunda mwenyewe humu chumbani. Mota nilizitoa kwenye printa na fotokopi zilizokufa, nilizopata kwa watu wa skrapu kule Nakuru. Inaongozwa na kompyuta kuukuu. Kichwa chenye kisu kinakwenda kushoto na kulia, mbele na nyuma, juu na chini, na meza inayoshika ubao inazunguka na kuinama. Hizo ni njia tano. Nataka inichongee kwa mti lile gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji. Mapezi yake yamejipinda vibaya, mkono hauyawezi. Likishapatikana la mti, wayeyusha chuma wa Nakuru wanaliigiza kwa chuma.

Kilichonishinda ni programu. Inauzwa ng'ambo kwa kadi ya benki, nami kadi sina, na bei yake inapita mota zote pamoja na kompyuta. Basi nikawa natumia ile ya bure ya kujaribia. Hiyo inasoma mistari kadhaa ya maagizo, kisha inasimama tu.

Sikukwambia kwa kuogopa utasema nimerukwa na akili. Hapa pia sikumwambia mtu. Tangu fujo za Januari, za baada ya uchaguzi, watu wanatazamana kwa pembe ya jicho. Kuna majirani waliohama na hawajarudi. Mimi ni mtu wa mbali, lugha ya kwetu hakuna anayeijua. Nikatundika pazia zito na kufunga mlango.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni Baba Junior, jirani wa upande wa pili wa mabati. Kila nikitoka, yuko.

"Fundi, ni nini hiyo inalia huko ndani?"

"Redio imeharibika."

"Redio gani inalia hivyo?" Akacheka. Mimi nikaona ananipeleleza, nikaacha hata kumsalimia vizuri.

Jumamosi moja mchana mlango ukagongwa kwa nguvu. Nilikuta wanaume watano, na nyuma yao Mathe, mama mwenye ploti hii ya vyumba tunavyopanga. Baba Junior alikuwa katikati yao. Nikajua ndiye aliyenichoma, akawaleta.

"Boss, toka hapo tuone," akasema mmoja mrefu nisiyemjua, mkononi ana rungu. "Watu wanasema unatengeneza silaha."

Mama Mghoi, nilisimama mlangoni nikiziba njia. Niliwaza wakiivunja, miezi mitano imekwenda. Halafu nikawaza wakinivunja mimi. Nikawapisha. Nikafunga kipande cha mti wa msipresi mezani, nikaiwasha. Ikachonga pezi la kwanza, ikageuza meza, ikachonga la pili. Ilipoanza la tatu ikasimama.

"Mbona imesimama?" akauliza yule mrefu. "Unaficha nini?"

"Programu ni ya bure, ya kuonja tu. Ni kama mtu akupe kijiko kimoja cha supu, halafu afunike sufuria mpaka ulipe."

Hakuna aliyecheka. Ndipo Baba Junior akapenya mbele, akalifungua lile gurudumu nusu na kuligeuzageuza. Sikujua kwamba yeye ndiye mwangalizi wa pampu katika shamba jirani.

"Hii naijua," akasema. "Ni ya pampu. Yetu ilivunjika, tukakaa siku nne bila maji. Na nyinyi, mtu wa kuuza bunduki anaweza kukosa pesa ya programu?"

Hapo wakacheka. Yule mrefu akashusha rungu, wakaondoka mmoja mmoja.

Kesho yake nilimwendea Mathe kumwomba radhi kwa kelele. Akaniambia bila kupepesa macho, "Ni mimi niliwaita. Chuma inalia kwa nyumba yangu, mlango umefungwa, na wewe huongei na mtu. Ungekuwa mimi ungenyamaza?"

Nikamwambia ana haki. Nikaenda kwa Baba Junior, nikamwambia wazi kwamba nilidhani ni yeye.

"Najua," akasema. "Ulikuwa unanisalimia ukiangalia mikono yangu."

Ndiye aliyenishauri nikate maagizo vipande vipande, pezi moja kwa wakati, kila kipande kiishie kabla programu haijagoma. Kazi ni ndefu, lakini gurudumu la kwanza limeisha na liko Nakuru linayeyushiwa chuma. Meneja wetu, niliyemwonyesha gurudumu la mti tu, anasema likidumu, shamba litaninunulia programu kamili. Nimemwambia aandike kwenye karatasi na atie sahihi. Akanuna. Hajaandika mpaka leo, nami sijamwonyesha mashine.

Msalimie mama, na kaka yako mwalimu, na shangazi wa dukani, yeye najua ndiye aliyekutia maneno ya mwanamke. Mghoi mwambie baba yake anamkumbuka kila siku. Nawe usininyamazie. Hasira uliyo nayo iandike yote, nitaisoma.

Mumeo,
Mwadime